Mwalimu wa Garsen asiachwe peke yake darasani

Kila asubuhi ya kupandisha bendera, kuanzia Mandera hadi Migori, wanafunzi wa Kenya husimama wima wakauimba wimbo wa taifa. Wengi wao hawajui kwamba lahani hiyo ilitoka kando ya Mto Tana, katika wimbo ambao akina mama wa Kipokomo waliwabembelezea watoto wao walale. Mwaka wa 1963, nchi ilipokuwa ikijitayarisha kwa uhuru, tume ndogo ya wataalamu wa muziki iliupokea wimbo huo kutoka kwa Mzee Meza Galana, ikautungia maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza. Hivyo taifa zima likapata sauti yake kutoka kinywani mwa mama wa Tana River.

Sianzi na jambo hili kwa nia ya kuwasifu Wapokomo peke yao. Naanza nalo kwa sababu lina kejeli ndani yake. Mtoto wa yule mama aliyelipa taifa wimbo, anapoingia darasani, hukuta kwamba lugha aliyobembelezewa haina kitabu, haina nafasi katika ratiba, na mara nyingi haina hata mwalimu anayeielewa. Mwenzake wa Kiorma, ambaye nyumbani kwao hakisikiki Kiswahili wala Kiingereza, yumo katika hali ngumu zaidi. Halafu matokeo ya mitihani yanapotangazwa, sote twashika viuno na kuuliza kwa nini kaunti hii haisongi mbele, na lawama twamtupia mwalimu.

Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa Garsen hajashindwa kazi yake. Ameachwa peke yake, na aliyeachwa peke yake hawezi kuhukumiwa sawa na aliyesaidiwa.

Asiyepajua Garsen na ahadithiwe. Ni mji mdogo kwenye njia ya kutoka Malindi kuelekea Lamu, mahali ambapo njia nyingine huchepuka kwenda Hola na Garissa. Pembezoni mwake mto hujitandaza na kuwa delta pana ya mashamba, malisho, mabwawa na mikoko hadi baharini Kipini. Wapokomo hulima kandokando ya mto; Waorma na Wardei hufuga ng'ombe; Wata, Wamunyoyaya, Wabajuni, Wamijikenda na wengine wengi nao wana makao yao humu au jirani. Mto huo huo unaowalisha wote huwafurika pia. Mafuriko ya mwaka wa 2018, ya mwishoni mwa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, ambayo yaliahirisha ufunguzi wa shule kote nchini, yaliwaacha watoto wengi wa sehemu hii bila madarasa na bila vitabu. Na kabla ya hapo, mwaka wa 2012, mapigano kati ya wakulima na wafugaji katika delta yaliua watu zaidi ya 100, Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao zikiwa miongoni mwa vijiji vilivyolia. Watoto wa pande hizo mbili ndio wanaoketi leo darasa moja. Mbele yao amesimama mwalimu mmoja, chaki mkononi.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa la namna hiyo, katika shule moja isiyo mbali na Garsen. Lilikuwa somo la Kiswahili la gredi ya tatu. Mwalimu, kijana mwenye bidii aliyezaliwa na kulelewa mbali sana na mto huu, aliwataka watoto watunge sentensi kuhusu kazi ya nyumbani. Msichana mmoja wa Kiorma alikwenda ubaoni akaandika kwa mwandiko mzuri: "Mama maziwa anauza." Darasa likacheka. Mwalimu akapiga alama ya mkasi, akamwambia afikiri vizuri, kisha akamwita mwingine. Yule msichana alirudi kuketi, na kwa muda wote uliobakia wa kipindi hakuinua mkono tena.

Baada ya somo nilimweleza mwalimu kwamba yule mtoto alikuwa amefikiri vizuri sana. Kiorma ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kioromo cha Ethiopia, na katika lugha hiyo kitenzi huja mwishoni mwa sentensi. Mama kwanza, maziwa baadaye, kuuza mwisho. Msichana yule hakukosea kwa uvivu wala kwa upumbavu. Alichukua maneno ya Kiswahili akayapanga kwa sarufi aliyoinyonya pamoja na maziwa hayo. Kosa lake lilikuwa na sababu, na kosa lenye sababu hufundishika kwa dakika tano: unaziandika sentensi mbili ubaoni, ya kwao na ya Kiswahili, na unawaonyesha watoto pale neno linapohama. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Daktari, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo."

Nani angemwambia? Hilo ndilo swali.

Tuichunguze kidogo hali ya lugha katika darasa lile, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka wa 1993, walieleza kwa kina undugu wa lugha za kundi la Sabaki: Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kiilwana cha Wamalakote na lugha za visiwa vya Komoro. Mtoto wa Kipokomo anapokutana na ngeli za Kiswahili, hukutana na binamu. Anajua tayari kwamba nomino hutawala upatanisho wa sentensi. Kazi yake ni kujifunza tofauti za hapa na pale. Mtoto wa Kiorma hana urithi huo. Lugha yake hugawa nomino kwa jinsia ya kiume na ya kike, na haina ngeli hata kidogo. Zaidi ya hayo, sauti kama p na v si za asili katika lugha za kundi la Kioromo, kwa hiyo si ajabu zikimtatiza mtoto anapoanza kusoma kwa sauti. Kumfundisha yeye kwa njia ile ile, kwa kasi ile ile, na kumpima kwa kipimo kile kile anachopimwa jirani yake wa Kipokomo, ni sawa na kuwashindanisha wakimbiaji wawili mmoja akiwa ameanzia nusu ya njia.

Maarifa haya si siri ya vyuo vikuu. Yanaweza kuandikwa katika kijitabu cha kurasa ishirini na kutiwa mikononi mwa kila mwalimu anayehamishiwa Tana River. Lakini kijitabu hicho mwalimu yule hakuwa amekiona, wala hakuwa amepata mtu wa kumweleza yaliyomo.

Sera hazikukosekana. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilikitilia mkazo Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ikapendekeza kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule, na pale penye mchanganyiko wa watu, Kiswahili kitumike. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imeipa serikali wajibu wa kukuza lugha za kiasili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini kote nchini mwaka wa 2019, umeweka somo la lugha ya kiasili kuanzia gredi ya kwanza hadi ya tatu. Karatasini mambo ni mazuri. Tatizo ni kwamba sera ikishaandikwa Nairobi huachiwa mwalimu wa kijijini aitekeleze kwa miujiza. Akiwa na watoto wa lugha tatu darasani, hana kitabu cha hata moja kati ya hizo, na yeye mwenyewe haongei yoyote kati yazo, afanye nini? Afanyalo ni kukitumia kipindi hicho kwa marudio ya hesabu au Kiingereza, na hakuna mwenye haki ya kumcheka.

Yako mambo mengine ambayo mwalimu aliyeachwa peke yake huyatenda pasipo kujua. Mathalan, katika mafunzo ya insha tunawahimiza wanafunzi wapambe maandishi yao kwa methali, na mojawapo ya zile zinazokaririwa sana ni "Mgala muue na haki yake umpe." Mwalimu anayeiandika methali hiyo ubaoni huko Garsen huenda hajui kwamba Mgala ni jina la zamani ambalo majirani waliwaitia Waorma na jamaa zao, jina wasilolipenda na wasilojiita. Hebu fikiria mtoto wa Kiorma, katika eneo ambalo damu ilimwagika mwaka wa 2012, akiinakili methali hiyo katika daftari lake chini ya kichwa "Hekima za Wahenga." Sisemi methali hiyo ifutwe katika kamusi, mimi ni mwanaisimu na lugha siifichi. Nasema mwalimu aambiwe, ili achague kwa kujua, na akiifundisha kwa wakubwa aifundishe pamoja na historia yake.

Kinyume cha hayo, hazina iliyoko mlangoni pa shule haitumiwi. Wanafunzi wa sekondari nchini kote hufundishwa mighani ya Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa Waswahili. Masimulizi ya wenyeji huyahusisha maisha na kaburi lake na Ozi na Kipini, mwendo mfupi kutoka Garsen. Ni wanafunzi wangapi wa delta waliowahi kuambiwa kwamba shujaa wa kitabuni ni jirani yao? Katika masomo ya sayansi, watoto huchora wanyama wa mbali ilhali msituni kando ya mto wao kuna mbega mwekundu wa Tana na nyani mangabey wa Tana, aina mbili zisizopatikana porini kwingine kokote duniani, ambazo kwa ajili yao hifadhi maalum ilitengwa mwaka wa 1976. Delta yenyewe iliorodheshwa mwaka wa 2012 miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Katika historia, Hola iko kwenye kaunti hii hii, mahali ambapo wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo mnamo tarehe 3 Machi 1959, kisa kilichoitikisa Uingereza yenyewe. Mwalimu mgeni hawezi kuyajua haya yote kwa ndoto. Akisaidiwa kuyajua, somo lake hupata uhai, na mtoto hugundua kwamba kwao si pembezoni mwa dunia.

Sasa msaada huo uwe wa namna gani? Twaweza kujifunza kutokana na mambo yaliyokwisha kufanyika, humu nchini na kwingineko.

Humu nchini tulikuwa na vituo vya ushauri wa walimu na wakufunzi wake, ambao siku hizi huitwa maafisa wa kusaidia utekelezaji wa mtaala. Mpango wa Tusome, ulioanzishwa mwaka wa 2015 na Wizara ya Elimu kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, uliwapa kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, ukampa mwalimu mwongozo, na kubwa zaidi, ukamtuma afisa aingie darasani, aketi, asikilize watoto wakisoma, kisha azungumze na mwalimu kama mwenzake. Mkaguzi huja kutafuta makosa. Mshauri huja kutafuta njia. Walimu wengi walioniambia habari za Tusome hawakusifu vifaa vya kielektroniki alivyobeba afisa. Walisifu kule kutembelewa. Lakini mpango ule ulikwisha, na shirika lililoufadhili lenyewe lilifungwa mwaka wa 2025. Hilo nalo ni funzo: elimu ya watoto wetu haiwezi kutegemea mfuko wa mtu mwingine.

Nje ya nchi, India ilianza miaka ya 1990 kuweka vituo vidogo vya walimu kwa kila kundi la shule jirani, ili walimu wakutane mara kwa mara na kusaidiana pasipo kungoja semina ya mjini. Na katika jimbo la Odisha, tangu miaka ya 2006 na 2007, serikali ya jimbo ilianza kuwafundisha watoto wa makabila madogo kwa lugha zao kwanza, lugha kumi kwa kuanzia, kisha ikawavusha polepole hadi lugha ya jimbo. Odisha si jimbo tajiri. Lakini iliwaita walimu na wazee wa jamii hizo hizo wakaandika hadithi, nyimbo na vitendawili vya kwao, na hizo ndizo zikawa vitabu. Mpango wao una mapungufu yake, hasa uhaba wa walimu wanaozijua lugha hizo, lakini umethibitisha kwamba udogo wa lugha si hoja ya kuinyima kitabu.

Najua yapo mapingamizi, na mengine yana uzito. La kwanza ni la wazazi. Watasema: sisi tunataka mtoto ajue Kiingereza apate kazi, Kipokomo na Kiorma atavipata nyumbani. Sikatai haja yao. Lakini kusoma ni ufunguo mmoja. Mtoto akishajua jinsi herufi zinavyobeba sauti katika lugha anayoielewa, huutumia ufunguo huo huo kufungulia Kiswahili na Kiingereza. Asipoupata, hukariri maneno asiyoyajua maana, na tathmini za shirika la Uwezo katika muongo uliopita zilionyesha mara kwa mara matunda ya ukariri huo: watoto watatu hivi tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili.

La pili ni zito zaidi. Watu watauliza: katika eneo lililogawanywa na mapigano, je, kufundisha kwa lugha mbalimbali hakutazidisha mgawanyiko? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni hili. Katika mji wa Garsen, ambako watoto wamechanganyika, Kiswahili ndicho kiwe lugha ya darasa, kama Gachathi alivyopendekeza. Katika vijiji vya lugha moja, lugha hiyo itangulie. Lakini pote pawili, mtoto wa Kipokomo ajifunze salamu na hadithi mbili tatu za Kiorma, na wa Kiorma vivyo hivyo. Kilichowagawa watu wa delta ni ugomvi wa ardhi, maji na malisho, si lugha. Mtoto aliyecheka siku ile pale ubaoni angecheka hivyo kama angekuwa anajua kwamba sentensi ya mwenzake ni sahihi kwao?

La tatu ni la fedha. Hapa nitapendekeza mambo machache yasiyohitaji mabilioni.

Kwanza, serikali ya kaunti isingoje Nairobi. Katika Jedwali la Nne la katiba, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Huko ndiko lugha ya mama inakofaa zaidi, na walimu wengi wa chekechea ni wenyeji. Kaunti iwakusanye wakati wa likizo pamoja na wazee wasimulizi, iandike hadithi thelathini fupi kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, izichape katika kijitabu kimoja. Hatuanzi patupu: wamisionari wa Kijerumani walikuwa wakikiandika Kipokomo huko Ngao tangu mwishoni mwa karne ya 19, na shirika la BTL limefanya kazi ya maandishi katika Kipokomo na Kiorma.

Pili, Tume ya Huduma za Walimu impe kila mwalimu mgeni wiki mbili za mafunzo kabla hajaingia darasani: salamu na maneno mia mbili ya lugha za wenyeji, tofauti zake na Kiswahili, na historia ya mahali. Sera ya kuwahamisha walimu mbali na kwao, iliyotekelezwa kwa nguvu kuanzia mwaka wa 2018 kabla ya kulegezwa, ililaumiwa na wengi. Mimi siamini kwamba mtoto wa Garsen afundishwe na mwalimu wa Garsen tu. Naamini mgeni apokewe kama mgeni anavyopokewa: aonyeshwe kisima kilipo.

Tatu, afisa wa mtaala apunguziwe shule na aongezewe nauli. Katika kaunti ya vijiji vilivyotawanyika, afisa asiye na pikipiki, wala mashua wakati wa mafuriko, ni afisa wa karatasi. Na pale asipofika, walimu wa shule nne tano jirani wakutane Jumamosi moja ya kila mwezi, walete madaftari ya watoto, wayatazame makosa pamoja na kuuliza: kosa hili limetoka wapi? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, sisi wa vyuo vikuu tutoke. Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu lugha za Tana, zimejaa vumbi katika maktaba, na watoto waliotupa data hawajapata hata ukurasa mmoja. Lawama hii najitupia mwenyewe kwanza. Kile kijitabu cha kurasa ishirini nilichokitaja, nani mwingine atakiandika kama si sisi?

Kwa wanafunzi wa ualimu wanaosoma makala haya, nina neno moja la kuwaachia. Siku utakapopelekwa mahali usipopajua na mtoto akaandika sentensi iliyopinda, usiharakishe kuchukua kalamu nyekundu. Muulize kwanza: kwenu mnasemaje? Nimeambiwa kwamba yule mwalimu kijana siku hizi huuliza hivyo, na kwamba msichana wa maziwa ameanza kuinua mkono.